Kalori Zangu na Saa Zake

Jumatatu, 3 Juni
Nimeshushwa kwenye kreni! Miaka kumi na moja nanyanyua makontena, leo daktari wa kampuni anasema moyo wangu unakimbia bila sababu. Kanifunga saa mkononi. Inahesabu mapigo, inahesabu kalori. Nitembee haraka nusu saa kila siku, Ijumaa nimpelekee saa aisome. Namba zikiwa mbovu, kreni nitaiangalia kutoka chini. Kiti changu kapewa shemeji, mdogo wa mke wangu. Ameshakisogeza mbele. Miguu mifupi!

Jumanne, 4 Juni
Nimetoka saa kumi na moja alfajiri. Nusu saa kamili. Kalori tisini. Tisini tu! Jioni nikarudia, njia ileile, viatu vilevile: mia moja arobaini! Nimegundua jambo. Mwili wa asubuhi bado umelala. Wa jioni ndio unaochoma.

Nikampigia simu muuguzi wa zahanati kumweleza. Akasema kweli mapigo hubadilika kidogo kutwa, ila tofauti ni ndogo na watu hawafanani. Muhimu nitembee. Hana upeo huyu. Mke wangu naye akadai asubuhi nilitembea kama napelekwa polisi, na jioni nilifukuzwa na mbwa. Mbwa alikuwepo, sikatai. Lakini alikuwa mdogo.

Jumatano, 5 Juni
Nimeisubiri jioni. Saa kumi, jua kali. Saa kumi na moja, njaa. Saa kumi na mbili nimeshiba, na aliyeshiba hatembei haraka. Shemeji akapita, kavaa kofia YANGU ya kazini, akauliza mbona nimekaa tu. Nikamwambia nasubiri moyo ufike saa yake. Akacheka hadi kofia ikaanguka. Kalori za leo siziandiki.

Wazo! Mke wangu hakai chini. Nimemfunga yeye saa, nikasema ni zawadi. Akaigeuzageuza mkononi. "Baba Mapacha, kumbe umenikumbuka?" Nikajifanya natafuta soksi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeichukua saa, eti nikaichaji kazini. Kwa daktari nikaingia kifua mbele. Akasoma namba, akavua miwani.

"Huyu ni nani?"

Nikasema mimi. Akasema aliyevaa saa hii jana kaamka saa kumi na nusu alfajiri, kapanda ngazi mara thelathini na moja, kakaa chini dakika kumi na mbili kutwa nzima. "Mtu huyu amechoka, bwana. Akiendelea hivi ataanguka. Mlete."

Tunakaa ghorofa ya tatu, bomba la maji liko chini. Nilijua hayo. Sikuwahi kuhesabu.

Nimempeleka mchana. Habari za saa amezisikia palepale, mbele ya daktari. Akaichukua mezani kwa daktari, akanifunga mwenyewe, tundu la mwisho. Daktari kaamuru apumzike wiki nzima, kazi zake nifanye mimi, kreni isubiri.

Jumamosi, 8 Juni
Ndoo kumi na nne! Nguo. Sakafu. Pacha mmoja kamwaga uji, mwenzake kaukanyaga na kuutembeza hadi sebuleni. Shemeji kaja kumjulia hali dada yake. Nikamwomba abebe ndoo moja tu. Akasema mgongo wa mwendesha kreni hauchezewi. Mke wangu akasikia kutoka kitandani, akacheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Nikasimama mlangoni na ndoo yangu, nasikiliza, maji yanamwagikia viatuni.

Nikaangalia saa. Kalori elfu moja na mia mbili!

Jumapili, 9 Juni
Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, nachambua namba. Jana kalori zimepanda asubuhi, zimepanda mchana, zimepanda jioni. Kumbe muuguzi alikuwa sahihi, saa si kitu! Kinachochoma kalori ni siku. Jumamosi! Nimetafuta sababu nyingine, sijaiona.

Leo basi sijagusa kitu, ningejichosha bure. Mke wangu ameuliza kutoka chumbani ndoo ya kwanza inapanda lini. Nimemwomba asinikatize. Namwandikia daktari barua: kampuni ikitaka wafanyakazi wenye afya, iweke Jumamosi mbili kwa wiki.