Dawa Imekauka

Jumamosi, 1 Machi

Hapana mama, sijafungua mashine ya kusaga, ni kompyuta! Ndivyo nilivyomjibu Mama Cherehani wa chumba cha pili, kwa sauti ya kupita ukutani, maana feni zangu nazo zilikuwa zinapiga kelele zao. Akagonga tena kwa rula yake ya mbao. Anashona nguo. Roho nzuri, ila masikio anayo.

Saa kumi jioni ndio mbio zetu za magari, mimi na mdogo wangu aliyehamia mbali kikazi. Kila Jumamosi. Yeye huko, mimi huku, magari yetu pamoja kwenye skrini. Raundi ya tatu, niko mbele (naapa nilikuwa mbele!), joto digrii tisini na nane, pwaa! Giza. Mashine imezima.

Kama kawaida dogo akapiga simu kunicheka. Eti kaka, hiyo ni kompyuta au jiko? Tukamsema bosi wake, tukakumbuka tulivyovunja kitanda cha mama kwa kuruka. Saa nzima na dakika kumi. Mwisho akasema wenzake wa kazini wana timu yao ya Jumamosi. Yangu ikizima tena, anahamia huko. Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibeba mgongoni kama mtoto hadi kwa Fundi Miwani. Akafungua, akachungulia, akasema dawa imekauka. Ipakwe mpya, hapo kati ya prosesa na chuma cha kuipoza. Dawa gani? Dawa tu, ile nyeupe ya kwenye tyubu. Nikamwambia usijisumbue fundi, ninayo nyumbani. Akanitazama kwa juu ya miwani, kwa heshima kabisa. Watu wanadhani sisi tulioishia darasa la tano hatuna vitu ndani!

Ninayo kweli. Iko kwenye kikombe, pamoja na mswaki.

Jumanne, 4 Machi

Jamani! Digrii sitini! Na chumba kinanukia kama mdomo wa bwana harusi. Kwa furaha nikaingia kwenye mipangilio ya spidi, kila cha kuvutwa nikakivuta mpaka mwisho. Gari linaruka!

Naona biashara hapa. Pale kwenye ngazi za benki ninapouza makava ya simu, nitaongeza huduma ya kupoza kompyuta. Bango nimeshaandika: DAKTARI WA JOTO.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe dawa ya meno nayo hukauka. Hakuna aliyeniambia.

Digrii mia. Feni zinalia kama zimefiwa. Nikaisogezea feni kubwa ya kusimama. Sasa kelele zikawa mbili. Mama Cherehani safari hii hakugonga, alikuja mwenyewe mlangoni, futi shingoni, pini mdomoni. Eti baba we, kwa ajili yako nimeshona mkono wa shati kwenye kola! Nikamkaribisha kiti. Ninavyo viwili, cha pili bado kina nailoni ya dukani. Akakaa, akalalamika nusu saa nzima. Nikampa chai, akalalamikia na chai.

Alhamisi nzuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Miwani kafungua mashine, kanusa. Kanusa tena. Akawaita mafundi wa vibanda vya jirani waje nao wanuse. Akaniuliza mashine yangu ina meno mangapi. Sijawahi kuchekwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Kakwangua, kafuta, kapaka dawa yenyewe. Spidi kairudisha ilipokuwa. Tena feni ya nyuma, niliyoifunga kwa mkono wangu, kumbe iko kinyume! Badala ya kutoa joto ilikuwa inalikaribisha. Nikampa makava sita tukamalizana. Bango akanishauri nimpelekee daktari wa meno.

Jumamosi, 8 Machi

Digrii hamsini na tano. Kimya. Nasikia mpaka saa ya ukutani.

Raundi zote kumi, mara ya kwanza. Nimeshinda! Dogo akaandika: Safi kaka, mchezo mzuri. Akatoka. Dakika kumi na nne tu, basi.

Nikakaa na simu mkononi. Sasa hivi atapiga. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili. Apige cha nini? Hakuna cha kuchekwa.

Ukuta nao kimya. Nikaugonga mimi, kidogo. Mama Cherehani akauliza kuna nini. Nikasema naulizia tu kama kelele zinamsumbua. Kelele gani? Leo kamaliza mashati matatu kwa raha zake. Basi nikamweleza ya dogo, huku nimeegemea ukuta. Akasema si umpigie wewe? Simu unayo, mpaka nguo zake unauza!

Jumapili, 9 Machi

Nimpigie mimi? Nimwambie nini, kwamba mashine ni nzima? Nani anapiga simu kusema hakuna tatizo? Mama wa watu anajua kushona, mambo ya kompyuta aniachie mimi.

Nimewaza asubuhi nzima. Nimepata.

Wewe uliyeokota daftari hili pale nitakapoliacha, kwenye ngazi za benki, ukasoma mpaka hapa bila haya, tufanye biashara. Kompyuta ninayo, baridi kama mtungi, haingurumi, haizimi. Wewe lete yako mbovu, inayochemka, inayopiga kelele mpaka kwa jirani, inayozima raundi ya tatu. Ya raundi ya pili naipokea kwa mikono miwili. Tunabadilishana hapo hapo, hakuna kuongezana. Dogo alisema ikizima anahama? Ah, anatishia tu yule.

Sharti uje kabla ya Jumamosi saa kumi. Na kama huna mbovu, njoo hivyo hivyo na dawa ya meno. Yangu imeisha, na nailoni nimeshaitoa kwenye kiti.