Tundu la Sebuleni Kabla ya Posa

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu Leah kaondoka asubuhi kwenda Ihanda kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Atarudi Jumamosi, na mama mwenyewe. Jumapili wanakuja wageni kutoka Ileje kumposa binti yetu Angel. Leah kaniachia agizo moja tu: nimwite fundi Tuntufye azibe tundu la ukuta wa sebuleni, kisha apake rangi. Kalirudia akiwa tayari kakaa ndani ya gari. Kalirudia tena kupitia dirishani. Abiria wote wa Vwawa sasa wanajua tuna tundu.

Ni tundu la kawaida. Ukubwa wa sahani. Ukuta ni wa bodi za jipsamu, niliuweka mwenyewe nilipoigawa sebule ili Angel apate chumba. Mwezi uliopita nilitundika televisheni juu yake. Ukuta haukukubali.

Jioni kaja jirani yangu Shadrack, mzee wa kanisa. Huyu sebule yake kaipaka rangi ya maziwa kwa mkono wake mwenyewe, na hajaacha kulitaja jambo hilo, hata kwenye maombi. Kachungulia tundu. Kasema kwa upole kwamba kazi kama hii si ya kila mtu.

Si ya kila mtu!

Alipotoka tu nikampigia Tuntufye, ambaye mchana nilikuwa nimeshamwita. Nimemwambia asije, niko Lusaka wiki nzima. Nitaziba mimi. Jumapili Shadrack atakaa kwenye kiti changu, atautazama ukuta wangu, na maziwa yake yatamchacha moyoni.

Jumanne, 3 Juni

Nimenunua unga wa jipsamu. Muuzaji kaniuliza kama nina tepu ya wavu, vipande vya mbao vya kuweka nyuma ya tundu, na msasa. Nimemwambia ninaziba ukuta, sijengi ghala. Hawa watu wanapenda kuuza!

Unga unachanganywa na maji. Nimechanganya mfuko mzima ili kuokoa muda. Mwiko wa ugali umefaa sana. Katikati ya kukoroga, simu ya Leah. Kauliza kama fundi kafika. Nimejibu kazi inaendelea, jambo ambalo ni kweli. Tukazungumza kidogo juu ya kahawa. Kurudi, ndoo imekuwa jiwe. Mwiko umesimama katikati kama mlingoti wa bendera ya shule.

Nikavuta. Angel kavuta. Tukavuta pamoja: ndoo ikaja, mwiko ukabaki palepale ndani yake. Angel kasema nimwite fundi tu. Watoto wa siku hizi hawana subira.

Ndoo na mwiko nimevificha nyuma ya banda la kuku. Chakula cha jioni: wali.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimeanza kwa kujaza tundu magazeti ya zamani, ili unga upate pa kushika. Kumbe ndani ya ukuta kuna uwazi. Magazeti yakatumbukia. Nikaongeza. Yakatumbukia. Nikaongeza soksi. Mwishowe nikaingiza mkono niyavute juu. Kuingia, mkono uliingia vizuri. Kutoka, ukakataa.

Na nani anapiga hodi? Shadrack!

Nikaegemea ukuta kama mtu aliyepumzika. Kasema kaja kutuombea kwa ajili ya Jumapili. Nikamkaribisha kwa mkono wa kushoto. Kashtuka, kauliza kama naumwa. Nikasema bega, kidogo. Kosa kubwa! Usimwambie mzee wa kanisa kwamba bega linauma! Kafumba macho papo hapo, kaomba mpaka jasho likamtoka, kisha kapaza sauti: "Baba Angel, inua mikono upokee!"

Nikainua mmoja.

"Yote miwili!"

Nikavuta kwa imani. Ukuta ukapasuka mpaka upande wa chumba cha Angel, mkono ukatoka, vumbi jeupe likatumwagikia sote. Shadrack kafumbua macho, kakuta bega limepona na tundu limekuwa sinia. Kalipangusa shati lake taratibu. Kasema anamfahamu fundi mmoja mzuri, anaitwa Tuntufye.

Alhamisi, 5 Juni

Wazo! Boksi!

Nimekata boksi gumu la sabuni, nimelibandika juu ya tundu kwa gundi, nimelipaka unga juu, kidogo kidogo. Tambarare! Ukisimama mlangoni na kufinya macho, huoni kitu. Msasa sikupiga. Kupiga msasa ni kwa watu wasiojiamini.

Mchana nimekwenda sokoni kutafuta mwiko mwingine. Uso kwa uso na Tuntufye! Kashangaa, si niko Lusaka? Nikafikiri haraka. "Mulishani," nikamsalimu kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili cha kuvunjavunja nikamweleza kwamba mimi siye Fanueli, mimi ni ndugu yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Tunafanana sana, watu wote wanasema.

Kumbe mama yake Tuntufye ni Mbemba. Kafurahi kupita kiasi. Kanishika mkono, kamwaga Kibemba kirefu, kisha kangoja jibu. Bila shaka kulikuwa na swali mle. Kibemba changu kinaishia kwenye salamu na bei ya nyanya. Nikamtajia bei ya nyanya.

Kanitazama. Kasema kwa Kiswahili nimsalimie Fanueli huko Lusaka, na nimwambie ajipanguse jipsamu masikioni.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya rangi. Nimechagua kijani cha ndizi mbichi. Muuzaji kasema nitangulize praima, rangi ya msingi. Biashara tu. Nimepaka moja kwa moja.

Mkono wa kwanza wa rangi: safi kabisa! Nikaenda kunawa, nikaimba kidogo. Kurudi, boksi limekunywa rangi na kuvimba. Ukuta una mimba! Na juu ya mimba, polepole, maandishi yanajitokeza: WEKA MBALI NA MAJI. Nikapaka mkono wa pili. Maandishi yakafifia, mimba ikakua. Kisha ukatokea mshale, na maneno UPANDE HUU JUU. Mshale umeelekea sakafuni.

Nimetundika kitenge cha Leah juu yake. Kimependeza. Kama hoteli.

Jumamosi, 7 Juni

Leah kafika na mama mkwe. Kakitazama kitenge, kanitazama mimi, kauliza nimeanza lini kupamba nyumba. Nimesema ndio mtindo wa siku hizi. Kanyoosha mkono akishike. Mungu mkubwa, mama mkwe kaomba maji ya kunywa, sote tukakimbilia jikoni.

Mama mkwe kakaa akitazama jinsi kitenge kilivyotuna katikati. Mimi na yeye kwa heshima hatutazamani usoni, kwa hiyo nikavitazama vidole vyangu vya miguu.

Kisha Leah kauliza mwiko wake uko wapi. Nikakumbuka kuna mtu wa kumwona mpakani.

Jumapili, 8 Juni



Wageni walifika baada ya ibada. Msemaji wao alikuwa Mzee Ambakisye, baba mkubwa wa kijana Ipyana. Koti zito, kofia, uso usiocheka. Upande wetu alikaa Shadrack. Angel, kama ilivyo desturi, alikuwa kafichwa chumbani kwake, nyuma ya ukuta uleule, angoje kuitwa.

Mambo yakaharibika mapema. Mzee Ambakisye kasema wamesikia binti anataka kwenda kusoma Dodoma, na labda moyo wake hauko kwa kijana wao. Kama ni hivyo waambiwe, Ileje ni mbali. Nikajibu kwa hekima kwamba kijana wao si wa kwanza kupiga hodi hapa. Leah kanikanyaga mguu. Mzee kachukua fimbo yake. Kasimama. Wenzake nao wakasimama. Nikamwona Leah macho yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na wazo lolote.

Kumbe Angel alikuwa kabana sikio ukutani, pale palipo pembamba kuliko pote. Aliposikia viti vinasogezwa, akabana zaidi.

Pwaa!

Boksi likaruka. Kichwa cha binti yangu kikatokeza sebuleni, kimefunikwa kitenge kama bibi harusi, uso mweupe kwa unga.



"Namtaka!" kasema Angel. Kisha kakumbuka adabu. "Shikamooni."

Mzee Ambakisye kamtazama. Mdomo ukamcheza. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kasema kaenda kuposa kwingi, na mabinti huitwa na kuitwa ndipo waje wakitazama chini. Huyu kavunja ukuta! Mama mkwe kapiga kigelegele, Leah kapokea, hata Shadrack kapiga makofi. Posa tumeipokea Angel akiwa bado tunduni, maana mabega yalikuwa yamekwama.

Jumatatu, 9 Juni

Leah kamwita Tuntufye. Kaja asubuhi, kakata sehemu yote iliyooza, kaweka mbao, bodi mpya, tepu, akapiga na msasa. Leah kamwandalia chai na mihogo. Mimi sijaandaliwa kitu.

Sawa. Lakini tuseme kweli. Ukuta huu wa Tuntufye ungekuwepo jana, Angel angepita wapi? Wageni wangekuwa Ileje saa hizi, wamenuna. Ni nani basi aliyefanikisha posa? Nimemweleza Leah hayo kwa utulivu. Kaingia chumbani, kafunga mlango.

Nasikia dari ya ofisi ya mchungaji imeoza kwa mvua na wanatafuta fundi. Nimeshamtumia mchungaji ujumbe kwamba wasihangaike, nitakuja mwenyewe kesho.

Dari ni nini, kwani? Ni ukuta uliolala.