Wanaoingilia Idara ya Kilio

Landover, Maryland
Novemba 2006

Ndugu Mwenyekiti Leonard,

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba utaisoma kabla ya kula, maana ina mambo yanayoharibu hamu ya chakula.

Utakumbuka semina ya ukumbi wa kanisa, ambapo Ndugu Gwakisa, msomi wetu wa uchumi, alitufundisha juu ya yule mchumi wa Skotilandi aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Tulijifunza kwamba utajiri wa watu si dhahabu bali ni kazi yao; kwamba kazi ikigawanywa, kila mmoja akashika kipande chake, huenda haraka na vizuri zaidi; na kwamba binadamu ameumbwa kutafuta faida yake, na akiachwa aitafute kwa amani huwafaidisha wenzake bila kukusudia. Tulipiga makofi. Chai haijapoa, jumuiya ikawa imeshaigawa misiba yetu yote. Wa ugali wakapewa ugali, wa sala wakapewa sala, na mimi nikapewa kilio kwa kauli moja, kwa kuwa huwa nalia hata harusini.

Mfumo ulitufaa sana. Mimi natunza wazee, nazijua zamu, na ninaelewa kwamba mtu mwenye kazi mbili hana nafasi ya kulia. Kipkemboi alipofiwa na baba yake kule Bomet, alinipigia akiwa kwenye foleni ya magari, barabara ya 270, akasema, "Anti, nisaidie kulia, leo niko na dabo shifti." Nikamlilia. Alipofika alikuta kazi imekwisha, akala, akalala. Hayo ndiyo maendeleo. Lakini sasa idara yangu imevamiwa, na kimya changu kimefika mwisho.

1. Bwana Phineas. Idara yake ni ugali. Kwenye msiba wa Columbia Heights aliacha mwiko umesimama sufuriani, akaja sebuleni, akalia. Ugali ukaungua. Kilio chenyewe kilikuwa cha kwikwi tupu, hakina maneno, hakimtaji marehemu kwa jina wala kwa ukoo. Nilipomwuliza anapata faida gani, alisema marehemu alikuwa rafiki yake. Ndugu Mwenyekiti, kama kila rafiki wa marehemu ataruhusiwa kulia, wataalamu tutakula wapi?

2. Bi. Aketch. Huyu anajua kulia, sitamnyima haki yake. Kwao Siaya mtu huanza kulia tangu barabarani, na kwa kuwa hapa barabara iko mbali, yeye huanzia kwenye lifti. Anapofika mlangoni, nusu ya sebule imeshalia na mimi sijafungua hata leso. Siombi azuiwe kabisa. Naomba apewe Virginia, mimi nibaki na Maryland pamoja na mji mkuu. Ndugu Gwakisa anasema yule mzee wa Skotilandi aliwachukia watu wanaokaa pembeni na kugawana soko. Mzee huyo hakuwahi kushindana na mtu wa Siaya.

3. Watoto. Chelagat, binti wa Kipkemboi, alimlilia babu yake ambaye alimjua kwa simu tu. Nilimwendea kwa upole nikamweleza kwa Kiswahili kwamba mtu wa kazi hiyo yupo, yeye akacheze. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba aliyekufa ni babu yake, si wangu. Malezi ya huku tunayaona.

4. Polisi. Kule Gaithersburg jirani wa chini aliwaita. Walinikuta nimelala kwenye zulia nalia, na wenzangu wamekaa wanakula wali na kubishana juu ya mpira. Askari akanipa pole mimi. Mfiwa mwenyewe alikuwa kazini. Kwa hiyo naomba kitambulisho chenye picha, kionyeshe kwamba niko zamuni.

Kutokana na hayo naomba kamati iamue kwamba asilie mtu yeyote bila ruhusa yangu ya maandishi. Kwamba wafiwa nao wapange foleni. Na kwamba nipewe wanafunzi, mmoja wa kupiga mayowe na mmoja wa kuzimia, kwa kuwa magoti yangu hayaniruhusu tena. Naomba pia umkanye Ndugu Gwakisa. Amenong'ona kwamba mzee yuleyule alitangulia kuandika kitabu kingine, akasema humo kwamba mtu huumia kwa kuona mwenzake anaumia, hata asipopata faida yoyote. Kitabu hicho kisitajwe kikaoni, kitavuruga mfumo.

Nisalimie kamati nzima, wa sala, wa simu, na wote wa ugali isipokuwa mmoja, anajijua.

Wako katika kuijenga jumuiya,

Vumilia Wambura
Mkuu wa Idara ya Kilio

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, simu ikaingia kutoka Musoma. Dada yangu Bilha, aliyenilea baada ya mama kufariki, hatunaye tena. Tangu hapo nimekaa kwenye kochi. Nimejaribu kulia, Ndugu Mwenyekiti, na chozi halitoki hata moja. Kukupigia nimeshindwa, sauti haiji, na barua nyingine sina nguvu ya kuiandika, kwa hiyo nimemwomba Mwethiopia mwenye teksi wa jengo letu akuletee hii hii kwa mkono. Ukiisha kuisoma ichane. Waambie waje, wenye idara na wasio na idara, na watoto wao. Sitaki mtu anayejua kulia. Nataka mtu wa kukaa hapa karibu yangu aanze yeye, na mimi nitamfuata.