Pipa la Maji Lililomkalisha Mama Mkwe

Pantaleo Ngassa,
Mtaa wa Mkuyuni B,
Kata ya Kalangalala, Geita.
Jumatano.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, Mama Bernadina.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA PIPA LA KUSAFISHIA MAJI KISIMANI

Mheshimiwa, shikamoo. Najua nakuzidi miaka miwili, ila cheo chako kinanizidi mimi, kwa hiyo ipokee. Naandika kwa heshima na kwa uchungu, nikiwa nimekaa nyuma ya banda la kuku. Sababu ya kukaa huku utaielewa ukifika namba tatu.

Itakumbukwa kwamba tangu wachimbaji walipotuzunguka, maji ya kisima chetu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya msumari wa zamani. Tuliyazoea. Ndipo kikundi chenu cha akina mama, ambacho katibu wake ni mke wangu Vumilia, kikaanza kuokota magunzi ya mahindi, kuyachoma ndani ya pipa lililofunikwa, kuyapitishia mvuke, kuyasaga na kuyaosha, mpaka yakawa chenga nyeusi mnazoziita kaboni. Mkazijaza kwenye pipa la bluu pale kisimani. Maji yakaingia juu machafu, yakatoka chini meupe. Mtaa mzima ulishangilia, na mimi nakiri nilishangilia. Sasa malalamiko:

1. Magunzi. Nyumbani kwangu yalikuwa na kazi zake: kuwashia moto, kuzibia chupa ya mafuta ya taa, na ile kazi ya chooni ambayo katika barua ya kiofisi sitaitaja. Leo gunzi halifiki chini, Vumilia ameshalidaka. Juzi nimenyang'anywa hindi la kuchoma mkononi, likiwa bado na mistari miwili ya punje.

2. Amani ya ndoa. Zamani shati langu likiwa na madoa, nasema ni maji. Ugali ukiwa na ladha ya ajabu, Vumilia naye anasema ni maji. Tumeishi vizuri miaka kumi na moja kwa kuyasingizia maji. Siku hizi kila mtu anabeba makosa yake mwenyewe, na ni mazito.

3. Hili ndilo lililonifikisha kwa kuku. Mama mkwe wangu, Bi Rebeka wa Nyahanga kule Kahama, alikuwa akija anakaa siku mbili, tumbo linamsokota, anaondoka. Huo ndio ulikuwa utaratibu na sote tuliuheshimu. Safari hii amekunywa maji ya pipa, akasema ni matamu, na hii ni wiki ya tano. Mheshimiwa, wewe ni Msukuma mwenzangu, unajua mila zetu za mkwe. Siwezi kula meza moja na mkwe wangu. Siwezi kupishana naye mlangoni, na nyumba yangu ina mlango mmoja. Tunapeana zamu ya kutoka kwa kukohoa, na sasa nina kifua kweli. Sahani yangu inaletwa hapa bandani, na jogoo ameanza kuniona mgeni anayekaa sana.

4. Dhahabu. Nimefanya kazi miaka saba kwenye matangi ya kuchenjulia dhahabu. Kila mtu wa migodini anajua kazi ya kaboni ni moja: inanasa dhahabu iliyoyeyuka majini, unaichoma, unapata mali. Kaboni yenu imelala majini miezi minne, tena Geita, na hakuna mwanakamati aliyewahi kutaja dhahabu. Nikajiuliza wanaficha nini. Jumapili, nyote mkiwa kanisani, niliichota yote, magunia mawili, nikampelekea fundi wa kuchoma. Kachoma mchana kutwa. Tumepata majivu debe moja na nusu, na fundi amecheka mpaka akakaa chini. Naomba maelezo ya maandishi.

Kwa kuwa pipa sasa ni tupu na maji yanarudia rangi yake, naomba kamati iifanye hali hiyo kuwa ya kudumu, ili mama mkwe naye arudie siku zake mbili.

Nisalimie wanakamati wote, mzee Masalu wa pampu, na hata wale walioninunia tangu Jumapili. Asante, wabeja sana.

Ni mimi mwananchi wako, ninayeandikia gotini,
Pantaleo Ngassa.

N.B. Leo ni Ijumaa, barua imechelewa kwa kukosa bahasha. Jana maji ya akiba yaliisha, mama mkwe akaonja ya kisimani, akatema, akafunga mzigo. Nilifurahi mpaka nikamrushia kamba, kwa mbali. Ndipo nikamwona Vumilia anafunga wake, na wa mtoto wetu Blessing. Amesema zamani tuliyanywa kwa kukosa mengine, ila sasa anajua yanavyoweza kuwa, na hatamrudisha mtoto hapa mpaka pipa lijae. Wamepanda basi la Kahama wote watatu.

Leo nimekula mezani, nikiwa na singlendi tu, mlango wazi, bila kukohoa. Katikati nikabeba sahani, nikaenda kumalizia kwa jogoo. Mama Bernadina, magunia manne ya magunzi yapo mlangoni kwako, nimeyaokota mwenyewe. Usiisome barua hii kikaoni. Nifundishe kuyachoma yawe kaboni. Na mama mkwe akirudi nao, kigoda changu cha bandani bado kipo.