Katoni za Mtaa wa Maduka

Biashara ilipodorora na mtaa wa maduka ukabaki na wenye maduka tu, kila mmoja akimlilia jirani asiye na kitu, Bwana Tai alinusa riziki. Jina hilo alipewa kwa sababu ya tai nyekundu aliyoivaa hata akienda kununua mkaa. Kazi aliyoimudu maishani ni moja, kuwakwepa waliomtafuta.

Asubuhi hiyo aliazima gari la mama mkwe, kigari cheupe ambacho mama huyo alikipata kwa jasho la kuuza nguo sokoni, na alikipenda kuliko mkwe. Alimdanganya kwamba amepata kazi ofisini.

"Likipotea," alisema mama mkwe, "utakuwa gari wewe."

Bwana Tai aliegesha mbele ya duka la Mama Vyombo, muuza masufuria, akawakusanya wafanyabiashara. "Ofisi yetu imeona mnavyoteseka," alisema. "Nimetumwa niwaulize, mnataka msaada gani?"

Vilio vikaanza. Muuza viatu alitaka kodi ipunguzwe. Angekuwa amewahi kuilipa, tungemhurumia. Muuza televisheni alitaka mkopo usiorudishwa. Mama Vyombo alijibu kwa upole, "Mimi shida yangu usafiri tu, mheshimiwa. Wateja wamehamia mbali."

Bwana Tai alishusha sauti. Wakaguzi wanakuja kesho, alisema, na atakayekutwa na rafu zilizojaa atahesabiwa tajiri, asipate kitu. "Nawaonea huruma. Leteni mali niwafichie kwenye stoo yetu. Wakiondoka, nawarudishia."

Watu wazima wale walitazamana, kisha wakakubali haraka mno. Tapeli mwenye akili angeingiwa na wasiwasi. Huyu aliingiwa na tamaa.

"Ila mali ni mali, mwanangu," alisema Mama Vyombo. "Tuachie hilo gari mpaka urudi."

Bwana Tai alipiga hesabu kichwani. Mtaa mzima kwa kigari cha mama mkwe! Angemnunulia jipya, pengine na dereva juu. Akatoa funguo bila kusita.

Lori la kukodi lilipofika, wenye maduka walipakia wenyewe, wakitweta na kushika viuno. Bwana Tai hakugusa hata katoni moja, maana kwa imani yake mvaa tai akionekana amebeba mzigo, heshima imekwisha. Alisimama kivulini, mikono mgongoni, akikemea, "Polepole, hiyo ni televisheni."

Nje ya mji lori lilipanda mlima bila kukohoa. Bwana Tai akaisifu injini. Kileleni upepo ulifumua turubai, na katoni ya televisheni ikapaa, ikavuka barabara, ikanasa kwenye mti.

Alirukia nyuma, akapasua katoni moja baada ya nyingine. Zote tupu. Mtaa ule ulikuwa umeuza mali yake kitambo kwa bei ya kutupa, na ili wadai wasishtuke, walipanga makatoni kwenye rafu na kuyapangusa vumbi kila asubuhi. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakihimili hali ngumu, waongo wale.

Alirudi mtaani akifoka. "Wezi nyinyi. Makatoni yote matupu."

"Umejuaje?" aliuliza muuza televisheni. "Si ulisema unatuhifadhia? Nani alikutuma ufungue?"

"Twende polisi," alisema Mama Vyombo, "ukawaonyeshe na hiyo ofisi yenu."

Bwana Tai alilegeza tai. "Basi nipeni gari langu."

"Tupe mali yetu."

Kigari cheupe kilikuwa kimeshapakiwa masufuria ya kweli, yale machache yaliyosalia, tayari kuwafuata wateja waliko. Mama Vyombo akaketi mbele, akafunga mlango. "Wasalimie wakubwa zako," alisema. "Waambie msaada umefika."

Bwana Tai alifika nyumbani kwa miguu. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akitazama barabara nyuma yake.

"Gari liko wapi, baba?"

"Mama, hali ya uchumi..."

"Sikukuuliza uchumi."

Tangu hapo, kila alfajiri mtaa humwona Bwana Tai akienda sokoni, tai shingoni, robota la nguo la mama mkwe kichwani, na mama huyo nyuma akimhimiza. Robota hilo limejaa.