Picha Moja ya Mbali, Ziwa la Chumvi

Jumatatu, 13 Novemba

Kikao cha klabu ya filamu, Ukumbi wa Wirrabin, mji wetu mdogo wa ngano hapa Australia. Nimetoka na hasira. Neville Pruss, mwalimu mstaafu, bwana wa mashati yaliyopigwa pasi, amesimama na kupendekeza kwamba ufunguo wa chumba cha projekta usikae kwa mtu mmoja maisha yote. Mtu mmoja! Ni mimi huyo! Kila Ijumaa mimi ndiye ninayewasha taa ile, mimi ndiye ninayesikia mji mzima ukicheka gizani chini yangu. Nikinyang'anywa ufunguo, Ijumaa nitakaa nyumbani nikiitazama friji.

Imeamuliwa: anayeutaka ufunguo atengeneze filamu ya dakika tano. Mada: sisi wa Wirrabin ni watu wa aina gani. Zitaonyeshwa Ijumaa ya wiki ijayo kwenye karamu ya zimamoto, na ukumbi utapiga kura kwa mikono. Tumejitokeza wawili tu. Neville na mimi.

Shangazi Dulcie, kapteni wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, na mwenyekiti wa kila kitu kingine hapa, akauliza kama nimewahi kushika kamera. Nikajibu kwamba aliyeonyesha filamu miaka yote hii amejifunza kwa macho. Akasema basi hata mbwa wake anajua kupika, maana humtazama jikoni kila siku.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeanza kazi. Kamera nimeilaza chini kwenye vumbi, inatazama juu. Mimi nimesimama mbele yake na sare ya zimamoto, mbingu nyuma yangu, nimekunja uso. Mwendo wa polepole. Tarumbeta. Kazi yangu kikosini ni kuchoma soseji, lakini kamera haijui.

Matokeo: nimekuwa mrefu kuliko ghala la ngano!

Nikamwonyesha mke wangu, Lorna. Akatazama mpaka mwisho, akasema matundu ya pua yanaonekana vizuri sana. Kisha akauliza wengine wako wapi. Nikamweleza kwamba wengine wangenipunguzia urefu. "Des, mume wangu," akasema, "wewe ni wa hapa kweli? Mji huu mtu akijipandisha tu, wanamvuta miguu. Watakucheka mpaka uhame." Nikamwambia hana jicho la sanaa. Akaenda kulisha kuku.

Nimekaa na maneno yake. Anasema kweli, mwanamke huyu. Inaudhi.

Alhamisi, 16 Novemba

Ujasusi! Neville alikuwa kwenye duka la mikate, anamweleza muuzaji mbinu zake zote. Mimi nyuma ya gazeti, nimetega masikio.

Anasema filamu za kwetu zina tabia zake. Kamera inakwenda mbali. Ardhi inakuwa kubwa, mtu anakuwa kitone. Shujaa haachwi peke yake kwenye picha, siku zote kuna mwenzake pembeni anampa kikombe. Akifanya jambo kubwa hasifiwi, anataniwa, na maisha yanaendelea. Muziki kidogo, kimya kingi. Yeye atapiga picha za majirani wakimvunia ngano mzee Hartwig aliyevunjika mguu, jioni ya Jumamosi, jua likizama. Jioni moja tu anayo, kwa sababu mvua inakuja.

Nimeiba kila kitu. Sasa najua kosa langu: majivuno! Dawa ni unyenyekevu. Nitakuwa mnyenyekevu kuliko watu wote wa Wirrabin, na Neville hatanifikia hata nusu.

Mpango: shemeji yangu Trev atajifanya amekwama na gari pembeni ya ziwa la chumvi. Mimi nitafika na kamba na kumvuta. Kamera itakuwa mbali kabisa, juu ya ukingo. Mimi nitakuwa kitone. Ila nitavaa kofia ya rangi ya chungwa, ili watu wajue kitone mnyenyekevu ni kipi.

Jumamosi, 18 Novemba

Niko hai, naandika.

Trev aliingia mitini. Kaenda kuvua samaki. Nikaamua kucheza nafasi zote mbili, aliyekwama na mwokozi, halafu niunganishe vipande baadaye. Nikasimamisha kamera ukingoni kwenye miguu yake mitatu, nikaiwasha, nikaingia na pikapu ziwani. Wakati huu wa mwaka hamna tone la maji, ni chumvi tupu, nyeupe na ngumu juu. Chini yake, tope jeusi. Kila mtoto wa hapa anajua usivuke alama za magurudumu ya zamani.

Nikasimama kwenye alama. Nikashuka, nikaitazama kamera. Karibu mno! Ningeonekana mkubwa. Nikasogea mbele kidogo. Bado mkubwa. Nikasogea tena.

Chumvi ikapasuka. Pikapu ikazama mpaka milangoni.

Nikapanda juu ya paa, nikamwita Trev kwenye redio ya mkononi, kwa sauti ya chini, ili mambo yabaki ya kifamilia. Nikasema sina haraka, ila ninazama. Nilisahau kwamba wakati wa mavuno kila kombaini ya kuvunia ngano wilayani inasikiliza masafa hayo hayo.

Wakaja. Wote! Mawingu yamejaa kusini, ngano bado imesimama mashambani, na watu wakazima mashine zao wakaja. Shangazi Dulcie na lori la zimamoto na mnyororo mrefu. Hartwig na magongo yake. Na Neville. Jua lilikuwa limeanza kuwa la dhahabu, lile lile alilolingoja wiki nzima, naye akaiacha kamera yake shambani akaja kutandika mbao chini ya magurudumu, tope mpaka magotini, shati la pasi na yote.

Nikatoa maelekezo kutoka juu ya paa. Hakuna aliyeyafuata. Shangazi Dulcie akapaza sauti: "Wewe Des, kama huwezi kushuka, basi angalau nyamaza!"

Wakavuta, wakavuta tena, pikapu ikatoka. Nikawaahidi katoni za bia, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeuliza nilikuwa natafuta nini kule. Maswali yatakuja baadaye, na yatadumu miaka.

Njiani nikaona kombaini zimesimama kwenye giza na matone ya kwanza yakianguka. Neville hana filamu tena, kwa sababu yangu. Nimeona aibu ya kweli. Imedumu mpaka chakula cha jioni.

Jumapili, 19 Novemba

Kamera! Niliisahau ukingoni, na mvua imenyesha usiku kucha!

Lorna akasema aliichukua jana na ipo kabatini. Ameshatazama kilichomo. Nikauliza kuna nini. Akasema kuna ziwa. Kisha akaenda kukusanya mayai.

Sina muda wa kupiga picha nyingine. Nitaonyesha ile ya tarumbeta.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimeponea chupuchupu! Niandike kwa mpangilio.

Neville aliitwa kwanza. Akasimama, akasema hana filamu, mwanga ulimwishia. Hakusema alikuwa wapi mwanga ulipoisha. Ukumbi mzima ulijua. Afadhali angenitukana.

Nikapanda chumbani kwangu, nikawasha projekta, nikangoja tarumbeta. Kimya. Kwenye pazia, ziwa jeupe. Lorna alikuwa amebadilisha kadi yenye filamu yangu!

Picha moja ya mbali, haijakatwa popote. Gari dogo linaingia. Kitone chenye kofia ya chungwa kinashuka, kinaipima kamera kwa vidole, kinarudi garini, kinasogea mbele. Kinashuka tena, kinapima tena. Ukumbi ukaanza kucheka. Gari lilipozama watu walikuwa wanapigana mabegani kwa kicheko. Nikautafuta mlango wa nyuma.

Halafu vumbi likatokea pande zote. Vitone vikaja, viwili, vitano, mpaka huwezi kujua nani ni nani. Mnyororo mmoja, wote wameushika. Hakuna uso hata mmoja. Ukumbi ukatulia. Dakika tano zilipita zamani na hakuna aliyelalamika. Gari likatoka, na chupa ya chai ikaanza kuzunguka. Mtu akapanda kwenye paa la pikapu na kumpa kikombe cha kwanza yule wa kofia ya chungwa. Alikuwa na tope mpaka magotini. Neville. Kikombe kile nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nililia. Humu nasema wazi, nililia.

Shangazi Dulcie akaitisha kura. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Neville, kisha mikono yote. Ufunguo umebaki mfukoni mwangu! Nimevuta pumzi ambayo sijaivuta tangu kikao kile. Kisha nikakabidhiwa Beleshi la Dhahabu, ambalo kikosi humpa kila mwaka aliyefanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Makofi yake yalizidi ya filamu.

Nilimwalika Neville awe anakaa nami juu kila Ijumaa. Akasema atakuja, mradi nisiongee. Usiku huu nitalala kama mtoto.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimeitazama filamu tena asubuhi. Kazi safi sana. Kila mtu anasema nina jicho. Ina upungufu mmoja: uso wangu hauonekani popote. Picha moja tu ya karibu, kamera chini, kidevu juu, niibandike pale katikati. Hakuna atakayegundua.

Pikapu bado inaoshwa tope, kwa hiyo nimechukua gari la Lorna. Nilikusudia kuishia kwenye alama. Lakini pale chumvi ilikuwa imechafuliwa na magurudumu ya wiki iliyopita, na weupe ulianza mbele kidogo.

Haya nayaandika juu ya paa. Nimemwita Trev kwenye redio, kwa sauti ya chini.

Naona vumbi ukingoni. Lori la zimamoto, na nyuma yake gari la Neville. Afadhali! Nimeigeuza kamera inielekee. Upande wangu wa kushoto ndio mzuri.