Mitaro ya Ndunge, Jasho Langu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Mvua inanukia huku Katelembo. Mwethya wetu, kikundi cha akina mama cha kuchimbiana mitaro shambani, utamaliza shamba moja tu kabla haijaanza. Ni langu au la Ndunge, jirani yangu wa juu kwa mteremko. Mwaka jana maji yalinibebea mbegu na udongo mpaka mtoni. Ikirudi hivyo, sina mahindi, sina kunde. Kwa hivyo ni langu. Mkutano wa nini?

Kasiva mwenyekiti ameitisha mkutano.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesimama wa kwanza. Nimewaambia nusu ya kazi ya mwaka huu ni yangu. Nani anaongoza nyimbo nyinyi mkichimba? Nani anaonja isyo yetu ya mahindi na maharagwe kama imeiva? Nani anawaonyesha mahali mmekosea? Ndunge akasema jembe langu bado liko na rangi ya dukani. Jembe hutunzwa! Lake limeisha kama jino la mzee, na bado anajivunia.

Halafu kila mtu akasema nusu ya kazi ni yake. Wote! Kasiva akasema kwa hesabu hiyo tumeshachimba mpaka Tala na kurudi. Wakacheka. Mimi sikucheka. Inasikitisha kuona watu wazima wakijisifu.

Basi Kasiva akataka kila mmoja ataje mwenzake aliyetoa jasho zaidi, asijitaje mwenyewe. Wote wakamtaja Ndunge. Ndunge akamtaja Kasiva. Mimi nimekataa kutaja mtu. Nimeokoka, siwezi kusema uongo.

Ndunge ndiye atachimbiwa. Eti hiyo ndiyo haki.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mpango! Nimeanza kuchimba kwangu peke yangu. Wakipita kwenda kwa Ndunge waone susu wa watu, nyanya mzima, akiteseka juani, washikwe na aibu, waingie.

Huu mtaro wanaouita fanya juu ni wazimu. Unachimba mtaro, halafu udongo unaurusha upande wa juu, nao unakurudia usoni. Mimi nimeurusha upande wa chini. Umeshuka wenyewe, vizuri kabisa. Watu hawatumii akili.

Wamepita. Nikakohoa. Nikashika kiuno. Hakuna aliyeingia. Ndunge peke yake ndiye aliyesimama, akaniambia, Mama Munyao, udongo ni wa kurusha juu, hapo unayatengenezea maji barabara. Aka! Nimemwambia aende akachimbiwe. Ameona mtaro wangu ni mzuri, moyo ukamuuma.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo ni Siku ya Mashujaa. Hakuna aliyenitaja.

Kwa Ndunge sikuenda hata mara moja. Mgongo. Leo wamemaliza, nimewatazama nikiwa uani. Mitaro imenyooka sana. Lazima inyooke, si mimi niliyewaambia zamani kwamba mtaro hunyooka?

Jioni Ndunge amekuja na bakuli la isyo, akauliza mgongo unaendeleaje. Chumvi ilikuwa kidogo. Nimemaliza yote, nisimvunje moyo.

Jumapili, 2 Novemba

Usiku imenyesha ile mvua yenyewe. Mabati yalilia mpaka sikusikia maombi yangu. Niliogopa, sifichi. Nilijua kukicha nitakuta mawe matupu.

Kumekucha, nimetoka na gamboti. Udongo uko! Mbegu ziko! Maji yote yamekamatwa huko juu na mitaro ya Ndunge, kwangu yameshuka kidogo tu, kwa adabu. Kilichobomoka ni ule mtaro wangu, na hapo mvua ndiyo yenye makosa.

Baada ya ibada Ndunge amenishika mkono. Amesema kesho mwethya wote unakuja kuchimba kwangu, ameshawaomba yeye mwenyewe, na mgongo wangu nisiusumbue. Wengine wakaitikia. Kasiva akasema, haya, Mama Munyao, si useme asante.

Asante? Nikawaeleza, maana naona hakuna aliyelifikiria. Kama ule mkutano ningeushinda, huko juu kusingekuwa na mtaro hata mmoja. Maji yangetuzoa, mimi na mitaro yangu na wote walio chini yangu. Ni nani aliyekubali kushindwa? Ni mimi. Basi ni nani ameokoa mteremko mzima? Nikamwambia Ndunge ninangoja shukrani yake, na asikawie.

Ndunge ameegemea ukuta wa kanisa, akajishika tumbo, akatetemeka, machozi yakamtoka. Machozi kabisa, mbele ya pasta! Nikampapasa bega. Nikamwambia inatosha, mama, usilie tena, nimeshakusamehe.